Nguzo Zilizoliwa Chini kwa Chini

Kila asubuhi Yusra wa Kinondo hufagia uwanja, kisha humwagilia mabilingani yake. Asubuhi hiyo hakumwagilia kitu. Wigo wa bustani ulikuwa umelala chini. Mbuzi wawili wa jirani yake, Mangi, walikuwa ndani wanatafuna. Lilibaki tuta moja tu. Ilikuwa mara ya pili mwaka huo mboga zake kuliwa, na mbegu nyingine hakuwa nazo.

Damu ilimchemka. Aliwafukuza mbuzi kwa fagio hadi bombani, ambako watu walipanga foleni ya maji. Mangi alikuwapo na madumu yake.

"Mangi! Umeuvunja wigo wangu ili mbuzi wako washibe! Hasidi mkubwa wewe, huna hata haya!"

Mangi ni fundi wa wigo katika bustani za nyumba za wageni huko Galu. Kuambiwa amevunja wigo kulimchoma kuliko tusi lenyewe.

"Bi Yusra, mbuzi ni wangu. Wamekata kamba, na kosa hilo nalikubali. Lakini wigo sikuugusa. Twende ukanioneshe."

Bustanini walimkuta Sanga, mumewe Yusra, anakuna kichwa. Yeye ndiye aliyeujenga wigo huo mwaka jana. Mangi alishika nguzo moja, akaivuta kwa mkono mmoja. Ikatoka. Sehemu iliyokuwa ardhini ilikuwa unga mtupu, na mchwa walikuwa wamejaa.

"Mbona mliacha magome?" Mangi aliuliza kwa ukali.

"Gome ni koti la mti," alisema Sanga. "Linaukinga."

"Mti ulio hai, naam. Ukishakatwa, koti hilo ni nyumba ya mchwa. Tena mmerundika majani makavu shinani. Mmewakaribisha, mkawatandikia na mkeka!"

Yusra alimgeukia mumewe. Hasira ilihama, haikupungua. "Wewe mwanamume! Nimemtukana mtu mbele ya kadamnasi kwa sababu ya koti lako!"

Sanga alimgeukia Mangi. "Sasa tufanyeje, fundi?"

Mangi alikuwa amenuna bado, lakini alijibu. "Chagueni mwarobaini uliokomaa. Mti ule ni mchungu, mchwa hawaupendi. Mikoko msikate, ina sheria yake. Ambueni magome nguzo zingali mbichi. Kisha zilazeni kivulini juu ya mawe kwa wiki sita, zisiguse ardhi."

"Wiki sita!" Yusra alifoka. "Na tuta langu?"

"Lizungushie matawi ya miiba. Ukichimbia nguzo mbichi, mwakani utanitukana tena."

"Tuzipake oili chafu?" Sanga aliuliza.

"Kwenye mboga? Mnakula humo! Zibabueni chini kwa moto mpaka ziwe nyeusi, hadi shubiri moja juu ya ardhi. Vichwa vikateni mshazari, mvua iteremke. Shimoni tangulizeni kokoto, maji yasituame. Na kila mwezi ukagueni wigo. Mkiona kijia cha udongo kinapanda nguzo, kikwangueni siku hiyo hiyo. Nguzo ikilegea, badilisheni hiyo moja kabla haijaangusha zote."

Walifanya hivyo. Yusra aliambua magome kwa panga, kila pigo akiwalaani mchwa. Wiki sita zilipokwisha, walisimamisha wigo mpya. Mvua za masika zilipiga, wigo haukuyumba. Kila mwanzo wa mwezi Yusra alizitikisa nguzo moja moja. Mabilingani yalizaa hadi matawi yakainama.

"Mpelekee Mangi kikapu kimoja nyumbani kwake, umwombe radhi," alisema Sanga.

"Nilimtukana mbele ya watu," Yusra alijibu. "Kumwomba radhi uani kwake ni kujificha."

Kesho yake foleni bombani ilikuwa ndefu. Yusra aliweka ndoo chini.

"Jamani, nisikilizeni! Siku ile nilimwita Mangi hasidi. Nilikosea. Wigo wangu uliangushwa na mchwa na ujinga wetu wenyewe. Bwana Mangi, niwie radhi."

Mangi alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Aliondoa dumu lake chini ya bomba.

"Yamekwisha, Bi Yusra. Nami mbuzi nimewajengea zizi. Pita mbele, uchote."