Maduka Mawili ya Mlabani

Kila asubuhi Paulina alifungua duka la kikundi cha wanawake wa Mlabani kabla jua halijakolea. Alipanga chumvi, viberiti na sukari. Alikata sabuni ya mche vipande vipande. Aliwapimia mafuta ya taa watu waliokuwa wakienda mashambani kwa baiskeli. Duka lilikuwa chumba kimoja tu, lakini vitu havikukaa humo. Viliisha, akaleta vingine.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la kikundi cha wanaume. Hilo sasa ndilo duka! Mabati, redio, masufuria na matairi ya baiskeli vilijaa hadi darini. Msimamizi wake alikuwa Gaudensi, kaka mkubwa wa mume wa Paulina. Alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku moja ya Januari 1995, Gaudensi alikuja akaegemea kaunta ya Paulina.

"Shemeji, Jumapili tunapiga kura. Vikundi viungane. Hiki kibanda tukifunge, nawe ukapumzike."

"Nani kakwambia nimechoka, shemeji?"

"Hesabu ndizo zimesema. Mwaka jana sisi tumeuza milioni sita. Ninyi milioni mbili. Faida yetu laki mbili na arobaini elfu. Yenu laki mbili. Nimekosea?"

Hakukosea, na hilo ndilo lililomuuma Paulina. Duka lile alilianzisha na wenzake kwa kuuza mchele, debe kwa debe. Likifungwa, atarudi kumwomba mumewe hela ya chumvi. Mumewe, Hermenegildi, alikuwa mwanachama wa kikundi cha wanaume. Alipoulizwa atapiga kura ya kuungana au kukataa, alijikuna kichwa tu.

Alhamisi alifika Ester, afisa ushirika, na baiskeli yake. Ester alikuwa binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Alikuja kukagua hesabu za maduka yote mawili. Paulina akamweleza yaliyomsibu.

"Mama," Ester akasema, "jirani yako kavuna magunia arobaini ya mpunga. Wewe umevuna ishirini. Nani mkulima bora?"

"Kwa eka ngapi?"

"Yeye eka kumi. Wewe mbili."

"Basi ni mimi. Nimepata magunia kumi kwa eka, yeye manne. Huyo kalimia ndege."

Ester akacheka. "Sasa mbona dukani huulizi hivyo? Usitazame faida peke yake. Uliza, kila shilingi mia ya mauzo imeleta faida ya shilingi ngapi?"

Hesabu za maduka yote zilikuwa zimebandikwa ukutani kwenye ofisi ya ushirika, kila mwanachama azione. Wakaenda kuzinakili. Ester alihakikisha kwamba zote ni za mwaka uleule, Januari hadi Desemba. Kulinganisha miezi ya mavuno na miezi ya masika ni kujidanganya.

"Gawanya faida kwa mauzo, kisha zidisha kwa mia," Ester akaelekeza.

Paulina akapiga hesabu polepole. Duka la wanaume lilipata shilingi nne kwa kila mia. Duka la wanawake lilipata kumi. Akarudia tena, hakuamini. Jibu likawa lilelile.

"Swali la pili," Ester akaendelea. "Bidhaa zinazunguka mara ngapi kwa mwaka? Chukua bei uliyonunulia bidhaa zote ulizouza mwaka mzima. Gawanya kwa thamani ya bidhaa zinazokaa dukani kwa kawaida."

Bidhaa za wanawake ziligharimu milioni moja na laki sita, na dukani hukaa bidhaa za laki mbili. Zilizunguka mara nane. Za wanaume ziligharimu milioni tano, na dukani hukaa za milioni mbili na nusu. Zilizunguka mara mbili tu.

"Kumbe zile redio ni hela zilizolala," Paulina akasema.

"Zimelala fofofo. Na la mwisho. Wanaokudai wakija leo, utawalipa?"

Wanawake walikuwa na bidhaa na fedha za laki tatu, na deni la laki moja. Kila shilingi ya deni ilikuwa na shilingi tatu za kuilipa. Wanaume walikuwa na milioni mbili na laki saba, lakini walidaiwa milioni tatu. Kila shilingi ya deni ilikuwa na senti tisini tu.

"Jumapili utawaeleza haya?" Paulina akauliza.

"Utawaeleza wewe, mama. Duka ni lako."

Jumapili baada ya misa, wanachama wa vikundi vyote viwili walikutana ukumbini. Gaudensi alisema kwanza, akasema sana. Kisha Paulina akasimama. Akawauliza swali la magunia, na wakulima wote wakampa ushindi mwenye eka mbili. Ndipo akawasomea hesabu za maduka, moja baada ya nyingine.

Hermenegildi akasimama.

"Kaka, mwenye duka la jumla aliyetukopesha bidhaa akija kesho kudai chake, tunamlipa nini?"

Gaudensi akazipitia zile hesabu kwa kidole, kisha akaketi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kura zikapigwa. Vikundi vikaungana, lakini wanachama wakamchagua Paulina awe msimamizi, aliondoe duka kwenye madeni.

Hakupoteza muda. Wakati wa mavuno, watu walipokuwa na fedha, aliuza redio na mabati kwa bei nafuu hadi rafu zikapumua. Fedha hizo zikalipa madeni. Bidhaa mpya aliagiza kidogo kidogo, zile zinazotoka haraka. Kila mwezi alijiuliza maswali yale matatu, akaandika majibu.

Mwaka ulipokwisha, duka la pamoja lilikuwa limeuza milioni saba na kupata faida ya laki sita na thelathini elfu. Hiyo ni shilingi tisa kwa kila mia. Bidhaa zilizunguka mara sita. Kwa mara ya kwanza, wanachama wote wakagawiwa faida.

Walipanga foleni mbele ya meza ya Paulina. Gaudensi, aliyemzidi miaka kumi na miwili, akafika zamu yake. Akahesabu noti zake mara mbili, akatia sahihi, akavua kofia.

"Shikamoo, meneja."

Watu wakaangua kicheko. Paulina hakucheka. Alikaa wima kwenye kiti chake, moyo umemjaa furaha.

"Marahaba, shemeji. Anayefuata."