Maneno Matano ya Babu

Kila siku masomo yalipokwisha, Chiriku alipitia karakana ya Babu yake kufagia maranda na kupiga soga. Alikuwa darasa la sita. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Kwingine kote aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Siku hiyo alipofika mlangoni hakupata hata nafasi ya kuamkia. Kipande cha ubao kilimpita sikioni, fuu! kikagonga ukuta.

"Mwizi mkubwa wewe!" Babu alikuwa akifoka. "Miaka yote tunakula pamoja, leo unaniibia randa yangu!"

Aliyefokewa ni Msumari, fundi mwembamba aliyefanya kazi na Babu tangu Mama yake Chiriku akiwa mtoto mdogo.

"Fundi, tulia basi. Tutaitafuta wote," Msumari alisema, mikono juu.

Babu atulie wapi! Alinyakua mguu wa kiti, akampiga nao kichwani. Msumari aliyumba akashika meza ya kazi, na damu ikamchuruzika hadi kwenye kola ya shati. "Leo umenivunjia heshima, Fundi," alisema kwa sauti ndogo, akatoka amejishika kichwa.

Chiriku alibaki ametoa macho. Huyu ndiye Babu aliyekuwa akikuta mende anamtoa nje kwa karatasi ili asikanyagwe? Alikwenda kwenye ndoo ya maji anawe uso, akafunua kifuniko. Randa ilikuwa humo, imelowa chapachapa.

Alijua nani ameitumbukiza. Juzi alikuta viatu vya Babu ndani ya sufuria. Haraka haraka akaifuta randa kwa sketi yake, akaisukuma chini ya meza, kisha akajifanya kuiona. "Babu, hii hapa! Ilianguka tu."

Babu alicheka kwa furaha. "Mjukuu wangu una macho! Haya, mwite Msumari tuendelee na kazi. Ameenda wapi tena yule?"

Chiriku alitambua kwamba Babu amekwisha kusahau alichokifanya. Hata hivyo, hakumwambia mtu.

Na mtu wa kumwambia hakuwa mbali. Mama yake alikuwa mtafiti wa ubongo. Kazi aliyoifanya kwa miaka mingi ilikuwa kutafuta njia za kuutambua mapema ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kabla haujamharibu mtu kabisa. Wazee walikaa mbele ya meza yake, wakasomewa maneno matano, wakazungumza mambo mengine kidogo, kisha wakaombwa wayataje tena. Mama alikuwa akijizoeza nyumbani kuyasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na Chiriku ndiye aliyekalia kiti cha mzee. Kengele, chungwa, askari, uzi, mto. Angeweza kuyataja akiwa usingizini.

Mwezi uliotangulia, Mama alimsikia Babu akiuliza swali lilelile tena na tena. Alimwambia, "Baba, kesho twende kazini kwangu. Mwenzangu atakupima. Mimi mwenyewe siruhusiwi kumpima baba yangu." Chiriku aliposikia hivyo akaingiwa na hofu, kwa sababu alijua wagonjwa wa Mama hawaachiwi nyundo wala msumeno. Babu bila karakana? Si bora wamnyime chakula! Basi akamkalisha Babu kwenye benchi na kumfundisha yale maneno, kila neno kwa pigo moja la nyundo. Kengele, ko! Chungwa, ko! Babu alidhani ni mchezo, akagonga na kurudia, akagonga na kurudia, mpaka mkono ukazoea.

Kesho yake alimjibu mpimaji huku akigonga meza kwa kidole. Hakukosea hata neno. "Mzee yuko vizuri," mpimaji alisema. Mama alimkumbatia baba yake akalia, na Chiriku akajiona mjanja kupita kiasi.

Baada ya kisa cha randa mambo yalizidi kuchacha. Babu alivunja kioo cha kabati akidai kuna mtu ndani anamtazama. Siku nyingine Chiriku aliingia karakanani akiimba, Babu akageuka na kumchapa kofi la mdomo. "Wewe mtoto wa nani? Nani kakutuma uje kunipeleleza?" Mdomo ulipasuka. Nyumbani alisema amegongana na mwenzake uwanjani. Kuhusu Msumari kutoonekana tena karakanani alisema, "Labda amechoka tu kazi." Mama alimwangalia kwa muda, lakini alikuwa na matokeo ya kipimo, akayaamini.

Kisha ikaja ile alasiri. Chiriku alikuwa akitoka shule alipoona watu wanakimbilia mtaa wa pili. Akafuata. Nje ya nyumba ya mlango wa kijani, vioo vya dirisha vilikuwa vimetapakaa chini, na mwanamke alikuwa akipiga mayowe, "Mwizi! Amenivunjia dirisha! Ameniambia nitoke nyumbani kwangu!"

Katikati ya umati alikuwa Babu, nyundo mkononi. "Hii ni nyumba yangu!" alinguruma. "Nimeijenga kwa mikono yangu!" Kijana mmoja alimrukia kumnyang'anya nyundo, Babu akamtandika nayo begani, kijana akaanguka akilia. Hapo watu wakachachamaa. Jiwe la kwanza lilimpata Babu mgongoni. La pili likampasua juu ya jicho. Akaanguka magotini, fimbo zikaanza kumshukia, za mgongo, za mikono, za kichwa.

Mtu alipenya akajitupa juu yake. Alikuwa Msumari, na bandeji yake kichwani. "Mwacheni!" alipiga kelele, huku fimbo zikimwangukia yeye sasa. "Mwacheni, namjua!"

"Na wewe ni mwizi mwenzake!" mtu alijibu, akainua tofali.

Chiriku alipita chini ya mikono ya watu, akasimama mbele ya lile tofali. "Si mwizi!" alilia. "Ni mgonjwa! Babu yangu anapoteza kumbukumbu! Nilijua siku zote, nikaficha!"

Mwenye tofali alimtazama mtoto, akamtazama mzee aliyekuwa akilia kwa uchungu akimwita mama yake. Akaliweka tofali chini. Mtu mwingine akasema, "Jamani, tungeua." Mwanamke wa ile nyumba ndiye aliyeleta kitambaa cha kufuta damu.

Hospitalini, Babu alishonwa juu ya jicho na mkono wake uliovunjika ukafungwa plasta. Mama alifika mbio. Kwenye korido Chiriku alimweleza yote bila kupumzika: randa, kofi, nyundo na yale maneno matano. Mama aliinua mkono. Chiriku akafumba macho akingoja kofi. Halikuja. Alipofumbua, Mama alikuwa amekaa chini sakafuni, ameegemea ukuta.

"Kila siku naziambia familia za watu zisifiche," Mama alisema. "Kumbe nyumbani kwangu mdomo wako umevimba na mimi sioni. Nilitaka sana kuamini kile kipimo."

Babu alipopata nafuu, alipimwa upya kwa maneno mengine. Chiriku aliruhusiwa kukaa pembeni. Babu hakukumbuka hata moja. Akamgeukia. "Nisaidie wewe mtoto! Si unayajua?" Aliipiga meza kwa mkono mzima, akamtukana. Chiriku alilia, lakini hakufungua mdomo mpaka mpimaji alipomaliza.

Babu alianzishiwa matibabu. Hasira hazikuisha, ila zilipungua. Chiriku alikwenda kwa Msumari kuomba radhi. Msumari alisema kichwa chake ni kigumu, kisha akawa mkali. "Niliitwa mwizi, na wewe ukijua ukweli. Usirudie." Hata hivyo, Msumari alirudi kazini karakanani. Misumeno na nyundo zilifungiwa kabatini, na Babu alipewa msasa akasugua mbao huku Msumari akimwangalia.

Jioni moja Chiriku aliuliza, "Mama, kama ningesema mapema, Babu angepona?"

"Hapana," Mama alisema. "Ugonjwa huu bado hatujui kuuponya. Lakini Msumari asingepasuliwa kichwa, na Babu asingepigwa mawe barabarani. Na kuna jambo jingine. Ningemuuliza baba yangu, akiwa bado na akili zake, anataka tumtunzeje. Ningemuuliza mambo mengi. Sasa nikimuuliza hanijui. Ule uongo wako haukumlinda Babu, mwanangu. Uliulinda ugonjwa. Ukiona mtu unayempenda anabadilika, sema, hata kama unaogopa, hata kama yeye mwenyewe anakukataza."

Chiriku alifuta machozi kwa kiganja. Halafu akamwambia Mama kwamba leo Babu alikuwa amejaribu kula msasa, na kwamba alimpiga teke Msumari. Mama akainuka palepale kwenda kumwona baba yake.