Nilikuwa Mdomo wa Binamu Yangu... Aliyeangamia Ni Mwingine!

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja. Sina mume, sina mtoto, na nyumba niliyolelewa, pale Shela mjini Malindi, siruhusiwi kuikanyaga. Ninaishi chumba cha kupanga mtaa wa Kisumu Ndogo, papo hapo Malindi, nikishona nguo za watoto kwa cherehani ya kukodi.

Wasomaji wenzangu, siandiki haya ili mnihurumie. Naandika kwa sababu bado nina hasira... na kwa sababu yuko mtu mmoja ambaye hasira yangu ilimla bila kosa lolote!

Wazazi wangu walitoka visiwa vya kaskazini, wakafariki nikiwa mdogo. Aliyenilea ni dada yake mama, niliyemwita Mama Mkubwa, pamoja na mwanawe wa pekee, Swaleh. Alinizidi miaka minne. Tulikula sinia moja, tukasoma chuo kimoja cha Kurani, na mtu akinichokoza njiani Swaleh ndiye aliyenipigania. Sikujua kama ana sura nyingine.

Nilipomaliza kidato cha nne, Swaleh alikuwa keshakuwa meneja wa ofisi katika hoteli moja kubwa ya ufukweni. Akanitafutia kazi ya kupokea maombi ya vyumba. Nilikuwa na chati pana kama shuka, penseli na raba. Chumba gani, mgeni gani, anaingia lini, anatoka lini. Niliipenda kazi ile mno.

Kisha, katikati ya miaka ya themanini, tajiri mwenye hoteli, mzee aliyekuwa akikaa Mombasa, akanunua kompyuta. Watu walikuja kuichungulia mlangoni kama bibi harusi! Tajiri akaajiri mafundi watatu kutoka Mombasa watutengenezee programu ya kuweka vyumba, na akamwambia Swaleh mbele yetu sote kwamba yeye ndiye msemaji wa hoteli. Mafundi wakitaka kujua programu ifanye nini, wamuulize Swaleh.

Swaleh hakuwa na moyo wa kukaa na mafundi. Yeye alipenda kuwapeleka wageni baharini kuvua samaki wakubwa, apigwe picha na Wazungu. Akaniita ofisini.

"Mwanaisha, wewe nenda ukakae na wale. Ukisema wewe, nimesema mimi."

Jamani, nilivimba kichwa! Mimi, yatima wa juzi, niseme na mafundi wa kompyuta kwa niaba ya hoteli nzima?

Mkuu wa mafundi aliitwa Kazungu, Mgiriama wa Kaloleni, mtu mpole aliyesikiliza mpaka umalize. Hakutaka kujifungia mwaka mzima kisha aje na kitu tusichokitaka. Kila Ijumaa ya pili yeye na wenzake walileta kipande kimoja kinachofanya kazi. Mimi nikikijaribu, nikisema hiki sawa, hiki hapana, kisha tukichagua kipande kitakachofuata. Yote niliyaandika kwenye daftari.

Nilidhani ninaamua. Kumbe! Kila jambo zito ilinibidi nimkimbilie Swaleh. Nilimvizia ngazini, nilimvizia akifunga kamba za viatu. Leo aniambie, "Amua mwenyewe, usinisumbue." Kesho yake aning'akie, "Nani kakwambia uamue?" Nikirudi kwa mafundi kuwaambia wabomoe walichojenga wiki mbili. Mafundi wakinuna. Na lawama za pande zote mbili zikinikalia mimi kifuani.

Kazungu aliliona. Siku moja akaniuliza taratibu, "Dada Mwanaisha, mwenye neno hapa hasa ni nani?"

"Ukisikia kwangu umesikia kwake," nikamjibu kwa kiburi. Laiti ningeukata ulimi wangu siku ile!

Likaja suala la mawakala. Mawakala wa safari wa Ulaya walikuwa wakishika vyumba mapema, kisha wakithibitisha baadaye kwa teleksi, ile mashine ya kupelekeana maandishi. Wasipothibitisha je? Vyumba viendelee kushikwa, au programu ivirudishe viuzwe kwa wengine? Nilimuuliza Swaleh mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anatoka na kofia yake ya baharini kichwani.

"Siku saba zikipita, virudi," akasema.

Nikamwambia yuko wakala mmoja Mjerumani, mteja wetu mkubwa, ambaye huchelewa siku zote lakini hakosi. Huyo tumtoe katika sheria hiyo.

"Wewe peleka neno, usifikiri!"

Nikapeleka neno.

Msimu wa Desemba ukaingia. Asubuhi moja, saa nne, mabasi mawili yakasimama mlangoni. Wajerumani thelathini na wanane, wazee kwa watoto, na hakuna hata kitanda kimoja! Wakala wao alikuwa amechelewa kuthibitisha kama kawaida yake, na programu ilikuwa imevirudisha vyumba vyao siku ya nane, vikauzwa. Walikaa juu ya masanduku yao mapokezini, watoto wakilia kwa joto, mama mmoja akazimia. Mpaka jioni ndipo tulipowatawanya katika hoteli ndogo ndogo.

Kesho yake tajiri akaja. Akatuita mimi na Swaleh.

"Nani alisema vyumba virudi?"

Nilimtazama Swaleh. Nilingoja aseme. Wallahi, nilikuwa hata namwonea huruma!

"Mimi sijui lolote, mzee," akasema ndugu yangu, bila kupepesa macho. "Nilimtuma akawasikilize mafundi tu. Yeye kajifanya mwenye hoteli."

Sikuwa na karatasi. Sikuwa na saini. Nilikuwa na daftari lenye mwandiko wangu mwenyewe... na mwandiko wangu ndio ulionihukumu. Nikaondolewa ofisini, nikapelekwa stoo ya mashuka. Kila siku nikihesabu mito na taulo, huku wenzangu wa jana wakipita wakicheka.

Nilimwendea Mama Mkubwa nikilia. Alinipikia uji, akanifuta machozi, kisha akasema, "Meza, mwanangu. Aibu ya Swaleh ni aibu ya nyumba hii."

Nikameza. Lakini kilichoingia tumboni kiligeuka sumu. Nikifua, nikilala, Swaleh yumo moyoni mwangu. Nikawaza atakavyoporomoka, nani atakuwepo, atavaa nini siku hiyo. Mmewahi kumchukia mtu mpaka mkapata raha katika kumchukia? Basi ndivyo nilivyokuwa!

Baada ya miezi miwili Swaleh akaja mwenyewe stoo. Mafundi hawamwelewi, na yeye hawaelewi. Akataka nirudi nikakae nao, lakini jina langu lisitajwe popote.

"Nisamehe, Mwanaisha. Tulivyolelewa pamoja..." akaanza.

"Yamekwisha, Kaka," nikamjibu kwa tabasamu. Hayakuwa yamekwisha!

Mambo yalikuwa yamebadilika. Tajiri alimsainisha Kazungu kwamba hatabadilisha chochote bila karatasi ya Swaleh. Na sheria mpya ilikuwa kuwapa mawakala wiki tatu, kisha chumba kirudi. Mimi nikamwendea Kazungu, wiki chache kabla ya Pasaka, nikamwambia Swaleh kabadilisha mawazo. Vyumba vya mawakala visirudi kabisa. Vishikwe mpaka mtu avifungue kwa mkono.

Akasita. "Karatasi iko wapi, Dada?"

"Yuko baharini. Atasaini akirudi. Wewe huniamini mimi? Hata wewe?"

Nililia mbele yake, wasomaji. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini niliyatumia kama chambo. Kazungu alijua nilivyodhulumiwa. Alinionea imani. Akainamia kompyuta, akabadilisha.

Wiki zikapita, vyumba visivyothibitishwa vikabaki vimeshikwa, mapokezi wakitazama kioo cha kompyuta na kuwajibu watu kwenye simu kwamba hoteli imejaa. Familia za Nairobi zikageuzwa mlangoni. Chati yangu ya penseli Swaleh alishaamuru itupwe, na yeye mwenyewe hakutazama, yuko na samaki wake. Ijumaa Kuu ikafika... nusu ya hoteli tupu! Vitanda vimetandikwa, hakuna wa kuvilalia. Wapishi wanazungumza na kuku wao. Nilitembea ujia wa ghorofa ya pili nikisikiliza ukimya, na niwaambie ukweli, nilicheka. Nilicheka peke yangu mpaka mbavu zikauma!

Tajiri akaja. Safari hii akamwita Kazungu pia. Swaleh akaitoa ile karatasi ya wiki tatu, yenye saini yake, akaiweka mezani. Alikuwa amejifunza.

"Nani alikuambia ubadilishe?" tajiri akamuuliza Kazungu.

Kazungu akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anayenipa nafasi. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Kusema kulikuwa neno moja tu: mimi.

Nikanyamaza.

"Kosa ni langu, mzee," akasema Kazungu. "Nilibadilisha bila karatasi."

Akafukuzwa pale pale, na wenzake wawili. Tajiri akapiga simu Mombasa kwa kila mwenye hoteli anayemjua, kuwaonya wasimpe kazi. Na Swaleh? Swaleh, aliyetunza karatasi yake vizuri, akapandishwa kuwa meneja mkuu!

Nilikaa na hilo wiki tatu. Nilimtazama Swaleh akikaa kiti kipya, nikaona nimefanya kile kile alichonifanyia... tena mimi vibaya zaidi, maana yeye alidanganya kujiokoa, mimi nilipanga. Nikachukua kalamu nikamwandikia tajiri. Niliandika yote. Neno la Swaleh la siku saba, uongo wake, kisha uongo wangu wa Pasaka. Sikujificha, lakini sitawadanganya, nilipoandika jina la Swaleh niliikandamiza kalamu.

Tajiri aliwahoji watu. Mhudumu mmoja aliyekuwa akifagia ngazi alikuwa amemsikia Swaleh akilitoa neno lile siku ile ya kofia. Tukafukuzwa mimi na Swaleh, siku moja. Nilimwona akitoka na vitu vyake ndani ya boksi la sabuni, na moyo wangu ulipiga shangwe. Nilirudi nyumbani nikakuta nguo zangu barazani. Mama Mkubwa alisema nyuma ya mlango, "Umemmaliza mwanangu. Usinijue." Hajanifungulia hadi leo.

Nilikwenda Kaloleni kumpelekea Kazungu habari kwamba jina lake limesafishwa. Nilimkuta nje ya duka dogo, anatengeneza redio. Mkewe aliniletea kiti, akaniamkia kwa heshima, hakujua mimi ni nani. Nikaeleza. Kazungu alisikiliza mpaka nikamaliza, kama zamani.

"Limesafishwa Malindi," akasema. "Mombasa walisikia kosa. Barua yako hawajaisoma."

Akageuza redio mkononi, kisha akauliza, "Siku ile nilipokutazama, Dada, ulikuwa unawaza nini?"

Nilitaka kudanganya. Nikashindwa.

"Nilikuwa nawaza Swaleh atafukuzwa lini."

Akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye redio yake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

Swaleh sijamsamehe. Sitajifanya mtakatifu mbele yenu. Nikisikia anahangaika kutafuta kazi Kilifi, bado napata baridi ya moyo. Lakini baridi hiyo haimrudishii Kazungu kazi yake.

Enyi mnaotumwa kusema kwa niaba ya wakubwa, nawasihi! Mtu asiyetaka kuweka jina lake kwenye neno lake, msimwazimie midomo yenu, hata kama mmezaliwa naye tumbo moja. Na mkishadhulumiwa, mkataka kulipiza, kwanza tazameni ni nani aliyesimama katikati yenu na adui yenu. Mimi sikutazama. Nilimpita juu, na hata sikuhisi kwamba nimekanyaga mtu.