Nilisema Waletwe Wawili

Asubuhi ya leo nilikuwa uwani, nafua mitandio yangu ya skuli.

Mie ni mtu wa kimya. Mwalimu akiniuliza, jibu nnalo, lakini halitoki. Humu kundini ndo naweza kusema, kwa sababu hamnioni uso. Nivumilieni tu, nyumbani washalala na mimi macho yanajifumba.

Basi kaka yangu Hafidh akatoka ndani mbio na simu.

"Samiha! We ndo uliyesema haya?!"

"Yepi?"

"Yashaenea kijiji kizima!"

Nikafuta mikono kwenye kanga. Nikasoma...

Ripoti ya ile taasisi ya utafiti iliyokuja kutuuliza kuhusu huduma za afya. Wameandika: "Mtu akishikwa na uchungu usiku, akienda kituoni anakuta mlango umefungwa. Tunagonga, muuguzi hafungui."

Chini yake: mwanafunzi wa kike, mama yake ni mjamzito.

Jina hamna. Lakini jamani, kijiji chetu hichi kidogo, huku mbele ya Msuka, msichana wa skuli mwenye mama mjamzito ni nani kama si mie?!

Na muuguzi ni mmoja tu. Bi Mwanawema.



Maneno ni yangu, sikatai. Lakini ni NUSU!

Aliyeniuliza ni Da Ruweida, mtoto wa mama yangu mkubwa, wa kule Jadida. Msomi wetu, anafanya kazi na taasisi hiyo. Alilala kwetu, akala kwetu. Akanambia, "Sema tu mdogo wangu, hakuna atakayekujua."

Nikasema. Siku ile hata mwenyewe nilijishangaa! Nikasema mlango hufungwa. Halafu nikasema kwa nini. Kwamba Bi Mwanawema yuko peke yake. Yeye azalishe, yeye achanje watoto, yeye afagie, mchana yeye, usiku yeye. Akikaa tu, usingizi umemchukua. Nikasema wa kugombezwa si yeye. Waletwe wawili wengine.

Hayo yote yamekatwa!

Na mwisho wa ripoti wanashauri nini? Muuguzi aliyepo ahamishwe.

Mama alikuwa barazani, miguu imemvimba. Ni mwezi huu huu anajifungua. Uzazi uliopita alitoka damu mpaka watu wakaanza kumsomea Yasini... Bi Mwanawema ndo aliyemrejesha.

"Mama... sikusema hivyo."

"Najua, mwanangu."

 Halafu akauliza taratibu, kama mtu anayejiuliza mwenyewe:

"Safari hii atanishika nani?"



Jirani yetu Bi Tatu akapita njiani. Akapaza sauti makusudi:

"Kimya kingi kina mshindo, ati! Mwenzenu kafungua mdomo siku moja tu, kashatufukuzia dokta!"

Nikavaa buibui. Nikaenda kwa Bi Mwanawema. Njia nzima napanga maneno, nilipofika mlangoni yote yamekimbia.

"Hodi..."

"Karibu. Samiha? Pita."

"Shikamoo."

"Marhaba. Makubwa haya! Wewe uliyekuwa hata panadol huwezi kuniomba, unamtuma Hafidh!"

Nikaanza kulia.

"Wamenikata, Bi Mwanawema! Nilisema na... nilisema uko peke yako! Ntamwambia Da Ruweida arekebishe, leo leo!"

"Usimwambie."

"Eeh?!"

"Wakubwa zangu washaisoma, washanipigia simu. Nnakwenda spitali kubwa, mjini. Kule kuna zamu, Samiha. Saa yako ikifika unakwenda kwako, unalala."

Akacheka. Wallahi sijapata kumuona Bi Mwanawema akicheka!

"Miaka naomba mwenzangu, hakuna aliyenisikia. Umenilalamikia wewe, simu hiyo! Na mlango mliogonga... siku nyengine nnasikia. Nnasikia kabisa. Miguu haiinuki. Mungu anisamehe."

 Nilikwenda kumwomba radhi, kumbe mwenzangu ananishukuru!

"Na anayekuja badala yako?"

Kicheko kikakatika.

"Hajapatikana."

"Na mama?"

"Mpelekeni mjini mapema. Msingoje uchungu." Akanishika mkono. Mkono mkavu, umechoka. "Umenipumzisha, mwanangu. Niache nipumzike."

Nikarudi nyumbani pole pole. Da Ruweida akirekebisha, Bi Mwanawema atazuiwa asiende, na usingizi wake ndo basi. Nikinyamaza, kituo kinabaki mlango tu, hakuna wa kuletwa. Na mama yangu anasubiri.

Ningekuwa na akili hii siku ile, nisingemwacha Da Ruweida anyanyuke kabla hajanisomea alichoandika, mwanzo hadi mwisho. Nyie wenzangu, wakija kwenu, semeni. Msiogope. Lakini wakusomeeni! Ukweli ukikatwa katikati unaweza kuumiza kuliko uongo.

Alaasiri nikamwandikia:

"Assalaam alaykum Da Ruweida. Bi Mwanawema mwacheni aende, kachoka. Lakini ulichokikata kirudishe. Nilisema waletwe wawili. Anayejifungua mwezi huu ni mama yako mdogo."

Tiki mbili. Zikawa buluu pale pale.

Akaanza kuandika... akaacha.

Mpaka saa hizi, hajajibu.