Dativa Aamke Kwanza

Mwijage aliingia zahanati moja ya Kahororo shavu limemvimba kama amefichia andazi, jino likimpwita. Watu walijaa mpaka barazani. Umeme ulikuwa umerudi tangu asubuhi, lakini kompyuta za mapokezi ziligoma. Dirishani alisimama Jovitha, gauni la kitenge cha zambarau, nywele zimesukwa mistari myembamba, akiomba radhi kwa mara ya mia.

"Dada, naomba niione hiyo seva yenu," Mwijage alisema kwa taabu.

"Kaka, wewe ni mgonjwa au fundi?"

"Vyote viwili. Leo anza na fundi."

Kutunza seva ndiyo ilikuwa kazi yake. Akagundua kwamba umeme ukirudi, programu zote zinaamka kwa pamoja. Ile ya usajili inaitafuta hazina ya kumbukumbu, ambayo bado inajinyoosha; ya usajili isipojibiwa, inajizima. Ya dawa inaitegemea ya usajili, nayo inaanguka vilevile. Mwijage akazipangia zamu: hii isiwake mpaka ile iwe tayari kujibu. Nusu saa baadaye foleni ikasogea. Yeye aling'olewa jino wa mwisho kabisa, akaondoka na namba ya simu ya Jovitha mfukoni.

Mapenzi yakaanza hivyo. Kila umeme ulipokatika na kurudi, Jovitha alipiga simu, hata kama seva imeamka salama.

"Mpenzi, njoo, imegoma."

"Mbona huku naiona inafanya kazi?"

"Basi nimegoma mimi."

Mwaka ukapita. Jovitha alitaka kitu kimoja tu, apelekwe kwa kina Mwijage, Izigo, wilayani Muleba, ajulikane. Kila akigusia, anajibiwa, "Subiri kidogo, mamii." Subira yavuta heri, ni kweli, lakini waliosema hivyo hawakuwa na mchumba kama huyu.

Siku moja Mwijage alipokuwa akiondoka zahanati, karatasi ikadondoka kutoka kwenye mkoba wake. Jovitha akaiokota, akaisoma: "Dativa aamke kwanza. Alistidia amsubiri Dativa. Penina asiguswe mpaka Alistidia awe tayari."

Moyo ukamuungua. Kumbe yuko kwenye foleni, tena nyuma ya watatu! Akapiga simu.

"Penina ni nani?"

"Ni programu ya dawa, mpenzi! Nimezipa majina ya shangazi zangu, nisisahau mpangilio."

"Tangu lini programu ikawa na shangazi? Mwijage, mimi nakupenda, na wewe unanichezea. Kama hao shangazi wapo, nitawaona kwa macho yangu."

Akakata.

Jumamosi akavaa gauni jekundu la ugomvi na viatu virefu visivyofaa kabisa njia za migombani, akaenda Izigo, akaulizia nyumba ya kina Mwijage. Mlango ulifunguliwa na mama mwenye kilemba. Jovitha, hasira au si hasira, akapiga magoti.

"Shikamoo. Namtafuta Penina."

Mama yule akatabasamu, akamtazama mwenzake aliyekuwa akimenya ndizi. Mwenzake akatabasamu, akamtazama bibi aliyesinzia kitini. Hakuna aliyefungua kinywa. Magoti yakaanza kumuuma.

Bibi akafumbua jicho. "Marahaba. Karibu, mwana wange, mwanangu."

Hapo ndipo mmenya ndizi, Alistidia, akamkaribisha, na Penina wa mlangoni akafuata, na kahawa ya kutafuna, ya kumkaribisha mgeni, ikaletwa. Katika nyumba ile mdogo hasemi kabla ya mkubwa. Jovitha alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Wewe ndiye Jovitha," alisema yule bibi, Dativa mwenyewe. "Mwaka mzima nasikia jina lako, nasubiri Mwijage akulete."

"Nami nasubiri anialike, shangazi."

Bodaboda ikanguruma uani. Mwijage akaingia mbio, vumbi mpaka kwenye kope. Dativa akamkazia macho.

"Na wewe ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilisubiri wewe uanze kulisema suala la ndoa, shangazi. Wewe ndiye mkubwa."

"Uoe wewe, nianze mimi? Nikisinzia mpaka siku ya kiyama je? Sema!"

Mwijage akamgeukia Jovitha.

"Jovitha, nakupenda. Niliogopa kukosea taratibu za nyumbani, nikakukosea wewe. Je, utakubali ku..."

"Ndiyo."

"Sijamaliza swali!"

"Nikikusubiri umalize nitazeeka," alisema Jovitha, machozi yakimtiririka na kicheko kikimpalia.