Kilo Thelathini na Tisa

Natasha alining'inia kwenye ndoano ya mizani ya majani chai, kama wafanyavyo watoto wote wa Nyaramba mlango wa kituo ukiachwa wazi, na mizani ikasoma kilo sabini.

Nyasani, karani wa kituo, akaigonga kwa kalamu. "Mama Natasha, huyu unamlisha mawe?"

Wachumaji wakacheka. Nyaboke, mama yake, naye alicheka, ingawa mwezi uliopita huyo binti wa miaka kumi alikuwa na kilo thelathini na moja, na mizani ile haikuwa na tabia ya kumwongezea mtu kitu.

Njiani kurudi nyumbani aliacha kucheka. Natasha alitembea ameinama, mikono imerudi nyuma, viganja vimeshikana chini ya kiuno, kama mtu aliyebeba mtu.

Nyaboke aliujua mwendo huo. Aliutembea mwenyewe miaka mitatu, mpaka wiki tatu zilizopita, daktari mmoja mjini Kisii alipomtoboa mgongoni tundu lisilofika ukubwa wa ukucha, akapitisha bomba lenye kamera, akaitoa diski iliyokuwa ikibana mshipa wa fahamu. Dakika arobaini. Kabla ya hapo, alipoulizwa maumivu ni ngapi kutoka sifuri hadi kumi, alisema tisa. Jioni ile ile alitembea mwenyewe hadi chooni, akaulizwa tena, akasema sifuri, kisha akauliza ni lini atarudi kuchuma chai.

"Miezi mitatu usibebe zaidi ya kilo tano," daktari alimwambia. "Ukibeba, utaharibu kazi yangu."

Jioni ya siku hiyo ya mizani, walipokuwa wakila, jikoni kulinuka sweta iliyolowa mvua na mafuta ya kuchua. Nje palikuwa pakavu.

"Mama," Natasha alinong'ona, "nani ananipumulia shingoni?"

"Hakuna mtu. Kula."

Mtoto akatia tonge, akafumba midomo, akatafuna. Ndipo sauti ilipotoka nyuma ya kichwa chake, sauti ya kizee, iliyochoka.

"Mokamwana, mbona hatufiki?"

Mokamwana, mke wa mwanangu. Mtu mmoja tu aliwahi kumwita Nyaboke hivyo ndani ya nyumba ile. Ni Mong'ina, mama mkwe wake, na alikuwa amelala kaburini chini ya migomba mwaka wa tatu sasa.

Asubuhi Nyaboke alimpeleka mtoto kwa daktari yule yule. Picha ikatoka safi. "Mgongo mzima kabisa," alisema. "Punguza vitabu kwenye begi." Alama za vidole vinane zilizokuwa zimejitokeza chini ya koo la Natasha alisema ni za mikanda ya begi.

Nyaboke akamshika mtoto mkono. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja soko la Mosocho kwa Nyangate, mdogo wake Mong'ina. Yule bibi alimtazama mtoto, akaacha kupanga ndizi.

"Dada yangu alikufa wapi?"

"Ndani ya gari, Mama Mdogo. Kila mtu anajua."

"Sijakuuliza kila mtu anajua nini."

Basi Nyaboke akasema, kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mumewe: kwamba siku ile mvua ilikuwa imekata barabara na pikipiki hazishuki, akamfunga mgonjwa mgongoni kwa leso kama mtoto, akapanda naye kuelekea lami, na pale kwenye kisiki cha mkaratusi ile pumzi iliyokuwa ikimchoma shingoni ikakatika, akajua, lakini hakuwa na nguvu ya kushuka naye tena peke yake kwenye tope, na alijua hakuna dereva atakayesimama kubeba maiti, kwa hiyo akaendelea kupanda huku akimsemesha, kaza mikono Mama, tumekaribia Mama, na walipofika lami akamfunika uso, akasema mgonjwa amelala.

Nyangate alishusha pumzi. "Mtu akikata roho njiani anaambiwa palepale kwamba safari imekwisha. Wewe ulimwambia mmekaribia. Bado anangoja kufika."

"Na mtoto je?"

"Wewe wamekutengeneza mgongo, wakaondoa mahali alipokaa. Anayebebwa hatembei, Nyaboke. Hushika mgongo ulio karibu."

"Nifanye nini?"

"Mchukue pale ulipomdanganya. Mpeleke kaburini, umwambie ukweli. Akikubali, atashuka."

"Asipokubali?"

Nyangate akarudia ndizi zake.

Alasiri ya kesho yake ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya chai. Kwenye kisiki Nyaboke alimsimamisha Natasha nyuma yake, akachuchumaa. Alizikumbuka kilo tano za daktari. Akaziacha.

"Mama, shuka kwa mtoto. Panda hapa ulipopazoea."

Nyuma yake mtoto alipiga kite, kisha mikono miwili mikavu, baridi kama udongo wa chini, ikamzunguka Nyaboke kooni, na uzito ukamkalia palepale penye kovu, akainuka nao meno yameumana, akashuka nao mteremko wote wa tope, ile harufu ya sweta ikimjaa puani na ile pumzi ikimpiga shingoni, Natasha akimfuata mbali amesimama wima, mpaka migombani, mpaka kaburini, akapiga magoti akasema yote kwa mkupuo, ulikufa Mama, ulikufa kwenye mkaratusi, nilijua, nisamehe, tumefika, shuka.

Mikono ikakaza.

"Bado, mokamwana."

Wiki tatu baadaye ilikuwa siku ya kliniki. Joyline, muuguzi, alimpima Natasha kwanza: thelathini na moja. Kisha akampima Nyaboke, akakunja uso.

"Mama, hebu shuka upande tena. Hii inasema tisini na saba."

"Andika tu."

Daktari alilitazama kovu, akaridhika. "Kutoka sifuri hadi kumi?" aliuliza, kalamu tayari. "Sema ukweli. Kama yamerudi, tunatoboa tena. Kazi ya dakika arobaini."

Kooni mikono ilijikunja taratibu, kama ya mtu anayejiandaa kuhama. Mlangoni Natasha alikuwa akiruka kwa mguu mmoja juu ya vigae, mgongo wake umenyooka.

"Sifuri," akasema Nyaboke.