Daftari la Shangazi Tupokigwe

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaachia migomba ya kijiji cha Ikuti, Tusekile alikuwa ameshafagia uwanja, amewasha moto na kuteleka sufuria ya chai. Bibi yake alitoka chumbani amejitanda kanga mbili kwa baridi, akamsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile?", yaani umelalaje. Hapo ndipo Tusekile alipovaa sweta lake la shule na kushika njia ipitayo kwenye mashamba ya chai, pamoja na wenzake wa darasa la sita.

Wiki ile njia nzima ilikuwa na habari moja. Shangazi Tupokigwe, dada wa baba yake Tusekile, alikuwa amekuja likizo. Alikuwa mtafiti wa ubongo katika chuo kikuu cha mbali, na makala yake ilikuwa imechapishwa katika jarida linalosomwa nchi nyingi. "Yule dokta ni shangazi yangu," Tusekile alimwambia kila aliyetaka kusikia, na wasiotaka pia.

Jumatatu Mwalimu Wilson alimkaribisha Shangazi darasani. Shangazi aliinua kurasa kumi na mbili za Kiingereza zilizobanwa kwa pini.

"Humu tumeandika habari za adenosini, kemikali iliyomo ubongoni," alisema. "Tangu unapoamka, ubongo wako unatumia nguvu, na kadiri unavyotumia nguvu, adenosini inaongezeka. Inakwenda kushika kwenye vipokezi vyake, yaani mahali ubongo unapopokea ujumbe. Ujumbe wenyewe ni huu: umechoka, kalale. Ukilala, inapungua. Sasa, kwenye chai na kahawa kuna kafeini. Hiyo inawahi kukaa kwenye vipokezi hivyo, adenosini ikakosa pa kushika. Niambieni: mtu akinywa chai nzito usingizi ukakimbia, na uchovu wake umekwisha?"

Tusekile alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Umekwisha, shangazi!"

"Mwingine?"

Gift akasimama polepole. Alikuwa mgeni; mama yake, muuguzi wa zahanati, alihamishwa kutoka Lindi mwaka huo huo. "Nadhani uchovu upo, ila umefichwa," alisema. "Mama akitoka zamu anakunywa kahawa. Macho yanakuwa wazi, lakini mboga anaitia chumvi mara mbili."

Darasa likacheka. Shangazi hakucheka; alimkodolea macho Gift kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. "Ndivyo hasa," alisema. Akamwendea, akamwekea mkono begani. "Mwalimu, Ijumaa ni siku ya wazazi. Naomba huyu binti awaeleze wazazi makala yangu kwa Kiswahili."

Akatoa mkobani daftari dogo la jalada jekundu, alimokuwa ameandika maelezo yote kwa lugha nyepesi, akampa Gift. Tusekile aliutazama ule mkono begani mwa Gift, akahisi kitu kama kaa la moto kikimshuka kifuani.

Tangu siku hiyo, Gift alikuja kwao kila baada ya masomo kufanya mazoezi. Shikamoo zake zilimfurahisha Bibi, akawa anamwekea maziwa mgando katika kikombe cha bluu, kile ambacho Tusekile alikiona kuwa chake. Wakati wa kula, Shangazi aliimba wimbo ule ule: "Yule Gift ana kichwa!" Tusekile alikuwa akimenya ndizi huku anajisemea moyoni, shangazi ni wangu, bibi ni wangu, yeye ametokea wapi?

Jumatano Gift alitoka nje kunawa mikono, akaliacha daftari kwenye mkeka. Tusekile hakufikiri mara mbili. Alilichukua, akaingia ghalani, akalisukuma chini ya gunia la maharage.

"Mmeliona daftari langu?" Gift aliuliza aliporudi.

"Labda umeliacha njiani," Tusekile alijibu bila kumtazama.

Gift alipekua mkoba wake, akapekua mkeka, akarudi njia nzima hadi shuleni akiinamia kila jani. Alhamisi asubuhi alifika kwa Mwalimu Wilson macho yamevimba.

"Nilimwamini," Shangazi alisema kwa huzuni habari zilipomfikia. Muda ulikuwa mfupi na daftari la pili halikuwepo. Mwalimu akapendekeza Tusekile ashike nafasi hiyo, kwa kuwa angeweza kufundishwa nyumbani.

Tusekile alipata alichokitaka. Cha ajabu, hakikuwa na ladha. Mchana huo, nyumba ikiwa tupu, alijifungia ghalani akalisoma daftari. Jioni Shangazi alipomwita uwanjani kujaribu, maneno yalimtoka kama maji.

"Ubongo ukitumia nguvu huacha adenosini, kama vile kuni zinavyoacha majivu jikoni. Usipoyazoa majivu, moto wa kesho hauwaki vizuri. Usingizi ndio unaozoa majivu..."

"Ngoja," Shangazi alimkatiza. "Huo mfano wa majivu niliuandika kwenye daftari tu. Umeutoa wapi?"

Tusekile akababaika. "Gift... Gift alinisomea."

Shangazi aliinuka. Alikwenda ndani, akarudi na ile makala, akaketi kando yake kibarazani na kumwonyesha orodha ya majina chini ya kichwa cha habari.

"Jina langu ni la ngapi?"

"La tatu."

"Lingekuwa la pili. Nilikuwa na mwenzangu anaitwa Anania. Yeye ndiye aliyegundua kwanza jambo lililomo humu, kila mtu akawa anamsifu. Roho iliniuma, Tusekile. Alihitaji vipimo vyangu ili amalize, nami nikamwambia bado havijawa tayari. Vilikuwa tayari, viko mezani kwangu. Wiki tano nilimwangalia akihangaika, kazi ya watu wote imesimama. Mwishowe nikashindwa hata kumtazama usoni, nikamwambia ukweli. Alinisamehe, lakini jina langu likashuka. Ilikuwa haki."

Kuku alipita uwanjani na vifaranga vyake. Tusekile aliviangalia mpaka vikaanza kuonekana kama ukungu kwa machozi. Akasimama, akaenda ghalani, akarudi na daftari jekundu lenye vumbi la maharage.

"Asante kwa kunirudishia," Shangazi alisema. "Lakini si mimi uliyenikosea zaidi. Vaa viatu."

Walikwenda kwa miguu hadi nyumba za zahanati, manyunyu yakiwalowesha. Gift alifungua mlango, mama yake akiwa nyuma yake. Tusekile alinyoosha daftari. "Nililificha mimi. Nilikuonea wivu. Nisamehe."

Gift alilipokea, akalifuta vumbi kwa kiganja. "Nimetafuta hata kwenye banda la kuku," alisema kwa sauti ndogo. "Ungeniambia tu kwamba hutaki nije kwenu." Kisha akaingia ndani.

Njiani kurudi, Shangazi hakumfariji, wala hakumkaripia.

Ijumaa wazazi walijaa uwanja wa shule. Gift, aliyerudishiwa nafasi yake, alisimama mbele na kueleza vizuri, mfano wa majivu na yote. Makofi yalipopigwa, Tusekile alihisi lile kaa likimwaka tena. Aliona aibu, lakini alipiga makofi na wengine.

Ndipo Bibi aliposimama na kuuliza swali refu kwa Kinyakyusa. Gift alitabasamu, tabasamu likaganda. Hakuwa ameelewa hata neno moja. Wazee wakaanza kunong'ona. Gift aliangaza huku na huku, macho yake yakamfikia Tusekile.

Tusekile akainuka, akaenda mbele. "Anauliza kama chai anayowapa wajukuu jioni ndiyo inayowafanya walale wamechelewa na kusinzia shuleni."

"Mwambie inawezekana kabisa," Gift alisema. "Na watoto wanahitaji usingizi kuliko watu wazima. Jioni awape maziwa."

Tusekile alitafsiri. Bibi akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Ndaga fijo," asante sana, na wazee wengine wakanyoosha mikono, kila mmoja na swali lake. Wasichana wale wawili walijibu mpaka jua likapanda juu ya mlima Rungwe.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Shangazi alimvuta Tusekile pembeni.

"Wivu utakurudia," alimwambia. "Hata mimi bado hunijia. Kuusikia si kosa. Kosa ni kuufanyia kazi. Ukikujia, sema ukweli mapema, kabla hujamwumiza mtu, kisha utafute sehemu yako. Gift aliweza kueleza. Wewe uliweza kumfanya Bibi aelewe. Leo hakuna kati yenu aliyemnyang'anya mwenzake kitu."

Tusekile alitaka kujibu, lakini sauti ikamwita kutoka chini ya paa la darasa.

"Tusekile! Njoo basi, kuna mzee mwingine anauliza, simwelewi!"

Akakimbia.